Kichwa cha Wiki Mbili: Ushauri kwa Wanaouguza Wenye Kinga Iliyoshuka

Mgonjwa mwenye virusi vya UKIMWI ambaye kichwa kimemuuma kwa wiki mbili huwa amepita milango mingi kabla ya kulazwa. Duka la dawa walimpa vidonge vya kutuliza maumivu. Zahanati walimpima malaria, majibu yakaonyesha hana, akapewa dawa za malaria hata hivyo. Kwingine aliambiwa ni homa ya matumbo, akachomwa sindano za antibayotiki siku tano. Nyumbani, alipoanza kuzungumza maneno yasiyoeleweka, kuna aliyesema amepandisha mashetani. Anapofikishwa wodini anaona kila mtu mmoja kama wawili, anatapika hata maji, na ndugu waliomleta wamekwisha nguvu na fedha. Mara nyingi kinachomuua mtu huyu ni fangasi, na dawa za fangasi hiyo zipo.

Watu wengi wakisikia fangasi wanafikiria vidole vya miguu, mapunye ya watoto au utando mweupe mdomoni. Hizo ni fangasi za juu juu. Makala hii inahusu zile zinazoingia ndani: kwenye damu, mapafu, figo na ubongo. Ninawaandikia kwanza wauguzi, matabibu na madaktari wanaoshika zamu kwenye wodi za kawaida za wilaya na mikoa, kisha ndugu wanaokaa kitandani na mgonjwa, kwa sababu katika ugonjwa huu uamuzi wa ndugu unaweza kuokoa maisha au kuyapoteza. Nina jambo moja kubwa la kuwaambia. Wengi wa wagonjwa hawa hawafi kwa kukosa dawa pekee. Wanakufa kwa sababu siku ya kwanza hakuna aliyeifikiria fangasi, na siku ya pili hakuna aliyetoa maji yanayoukandamiza ubongo wao.

Nitakaa zaidi kwenye fangasi moja, kriptokokasi, kwa sababu ndiyo inayoua wengi katika wodi zetu. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 yanasema kila mwaka watu wapatao 152,000 wenye VVU hupata homa ya uti wa mgongo inayosababishwa na fangasi hii, na wapatao 112,000 hufa. Hiyo ni karibu asilimia 19 ya vifo vyote vinavyohusiana na UKIMWI duniani, na sehemu kubwa hutokea Afrika kusini mwa Sahara. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa kwa mara ya kwanza orodha ya fangasi hatari zinazohitaji kushughulikiwa haraka. Kriptokokasi iliwekwa kwenye kundi la juu kabisa, pamoja na Candida auris, Candida albicans na Aspergillus fumigatus.

Fangasi hii huishi kwenye udongo, kwenye miti na kwenye mavi ya ndege, hasa njiwa. Tunaivuta kwa pua bila kujua. Mwenye kinga nzuri huidhibiti, ikabaki imelala mapafuni miaka na miaka. Kinga ikishuka, hasa CD4, yaani hesabu ya chembe za kinga kwenye damu, inapokuwa chini ya 100, inaamka, inaingia kwenye damu na kupanda ubongoni. Haiambukizwi kwa kukaa na mgonjwa, kumlisha wala kumwogesha. Ndugu walisikie hili mapema, maana nimeona wagonjwa wakitengewa kikombe na sahani kwa ugonjwa ambao hauwezi kumpata anayewauguza.

Dalili zake hazina haraka, na hapo ndipo zinapotudanganya. Kichwa huanza taratibu na kuongezeka siku hadi siku. Homa inaweza kuwapo au isiwepo. Shingo iliyokakamaa, ile tunayofundishwa kuitafuta kwenye homa ya uti wa mgongo, mara nyingi haipo kabisa. Baadaye huja kutapika, macho kutoona vizuri au kuona viwili viwili, masikio kuziba, tabia kubadilika, usingizi mzito, degedege. Ukimsubiri mgonjwa akakamae shingo ndipo umfikirie, umechelewa. Mtu yeyote mwenye VVU anayeumwa kichwa kisichoisha kwa siku kadhaa apimwe fangasi hii siku hiyo hiyo anayofika. Asiyejua hali yake ya VVU apimwe VVU kwanza, papo hapo.

Na usidanganyike na kadi ya kliniki. Wengi wanaougua sasa ni watu waliowahi kuanza dawa za ARV. Wengine waliziacha wakasafiri, wengine walipata ujauzito wakahama mji, wengine wanazimeza kila siku lakini virusi vimeshakuwa sugu. "Yupo kwenye dawa" si jibu linalofunga faili. Uliza: mara ya mwisho alimeza lini? Wingi wa virusi ulipimwa lini? CD4 je? Tangu kipimo cha wingi wa virusi kilipoenea, sehemu nyingi ziliacha kupima CD4, kana kwamba kimoja kinachukua nafasi ya kingine. Wingi wa virusi unakuambia kama dawa inafanya kazi. CD4 ndiyo inayokuambia kama mtu huyu anaweza kufa mwezi huu. Kwa anayeanza dawa, anayerudi baada ya kuacha, na kila anayelazwa, idai CD4. Siku hizi kuna hata kipimo cha haraka, kisichohitaji mashine, kinachosema tu kama iko juu au chini ya 200.

Kipimo cha kriptokokasi chenyewe ni kijikaratasi kama vile vya VVU na malaria tunavyovizoea. Kinatafuta antijeni, yaani vipande vya ganda la fangasi vinavyoelea kwenye damu. Unaweka tone moja la kimiminika chake kwenye kichupa, unaongeza sampuli kidogo, unasimamisha kijikaratasi ndani, unasubiri dakika 10. Mistari miwili, ipo. Kinafanya kazi kwa damu na kwa maji ya uti wa mgongo. Uzuri wake mkubwa ni kwamba antijeni huonekana kwenye damu wiki kadhaa kabla kichwa hakijaanza kuuma. Kwa hiyo mtu mwenye CD4 chini ya 100 apimwe hata kama anacheka na kula ugali wake vizuri. WHO inasema hivyo, na inaruhusu kupanda hadi 200 pale uwezo unapokuwapo.

Akipimwa damu akakutwa nayo na hana dalili yoyote, bado anahitaji kutolewa maji ya uti wa mgongo, kwa sababu wengine fangasi imeshafika ubongoni kimyakimya. Maji yakipimwa yakakutwa hayana fangasi, anapewa flukonazoli: miligramu 800 hadi 1,200 kwa siku kwa wiki mbili, kisha 800 kwa wiki nane, kisha 200 kila siku hadi kinga irudi. Vidonge hivyo ni vya bei nafuu na vipo karibu kila mahali. Ukilinganisha na wiki mbili za kulazwa, dripu, vipimo vya figo na pengine jeneza, hakuna hesabu ngumu hapo.

Sasa nije kwenye sindano ya mgongo, kwa sababu hapa ndipo tunapopotezea watu.

Karibu kila familia imewahi kusikia kwamba fulani alichomwa sindano ya mgongo akafa, au akapooza. Hofu hiyo haikutokea hewani. Sindano hii mara nyingi hufanywa mgonjwa akiwa tayari amezidiwa, hivyo kifo kinakuja nyuma yake na watu wanaunganisha mawili hayo. Daktari anayesema tu "tunataka kuchukua maji, saini hapa" anastahili kukataliwa. Kaa chini na ndugu. Waonyeshe mahali kwenye mgongo wako mwenyewe: sindano inaingia chini ya kiuno, usawa wa mifupa ya nyonga, na uti wenyewe wa mgongo, ule unaobeba mishipa ya kutembelea, umeshaishia juu ya hapo. Kinachobaki chini ni nyuzi zinazoelea kwenye maji, na huikwepa sindano. Waambie pia kwamba kutoa maji ni matibabu, si kipimo tu. Mama mmoja mtu mzima, dada wa mgonjwa, aliwahi kumuuliza muuguzi, "Mwanangu, mkiyatoa hayo maji kichwa kitapungua?" Muuguzi akajibu, "Ndiyo mama, na mara nyingi leo leo." Akakubali. Swali lake lilikuwa sahihi kuliko maelezo marefu aliyokuwa amepewa.

Kwa nini kitapungua? Fangasi hizi zina ganda nene lenye utelezi. Zinapojaa kwenye maji ya ubongo huziba njia ambazo maji hayo hutumia kurudi kwenye damu, kama mafuta yanavyoziba bomba la sinki. Ubongo unaendelea kutengeneza maji, hayana pa kutokea, na fuvu halitanuki. Presha inapanda, neva za macho na masikio zinabanwa, fahamu zinafifia, pumzi inakatika. Mgonjwa anaweza kuwa na dawa bora kabisa inayotiririka mkononi na bado akafa kwa presha hiyo.

Hivyo unapotoa maji, pima presha. Usiseme hospitali haina kifaa. Mgonjwa alale ubavu wa kushoto, magoti yakunjwe kuelekea tumbo, kidevu kifuani. Sindano ikishaingia na tone la kwanza likaonekana, mwambie anyooshe miguu kidogo na apumue taratibu, kwa sababu tumbo lililobanwa hupandisha presha ya uongo. Chukua mrija safi wa dripu, ule wa kwenye pakiti isiyofunguliwa, uunganishe kwenye sindano na uushike wima. Maji yatapanda yenyewe ndani ya mrija kisha yatasimama. Msaidizi apime kwa rula au futi kamba kuanzia kwenye sindano hadi maji yaliposimama. Chini ya sentimita 20 ni kawaida. Katika ugonjwa huu utaona 30, 40, na mara nyingine maji yanafika juu ya mrija na kumwagika. Ikizidi 25, toa maji hadi presha ishuke chini ya 20, au ipungue hadi nusu kama ilikuwa juu mno. Kwa kawaida ni mililita 20 hadi 30, kiasi kinachowatisha wanaofanya kwa mara ya kwanza, lakini mwili huyatengeneza upya ndani ya saa chache. Kesho, kichwa kikiwa kimerudi, rudia. Keshokutwa, vivyo hivyo, hadi dalili na presha vitulie.

Utafiti uliofanyika Uganda na Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2014 uligundua kwamba wagonjwa waliorudiwa kutolewa maji, hata mara moja tu, uwezekano wao wa kufa ulikuwa pungufu kwa takriban asilimia 69 kuliko ambao hawakurudiwa, bila kujali presha yao ya kuanzia. Sijui dawa nyingi wodini zenye nguvu kama hiyo, na hii inahitaji sindano, mrija na mtu aliye tayari kuinama nusu saa.

Wako ambao hawafai kuchomwa mara moja: wenye upande mmoja wa mwili uliolegea, wanaovuja damu, wenye kidonda au jipu mahali pa kuchoma. Hao pima damu. Antijeni ikionekana, anza dawa na panga rufaa kwenye picha ya kichwa, badala ya kukaa ukisubiri picha ndipo uanze.

Angalizo kuhusu majibu ya maabara. Maji ya uti wa mgongo ya mgonjwa wa kriptokokasi huweza kuwa meupe kabisa kama ya kunywa, yakiwa na chembe nyeupe chache au hakuna. Mtu akiyatazama kwa macho tu na kusema "haya ni safi", mgonjwa anarudishwa kitandani na ugonjwa wake. Wino mweusi wa maabara unasaidia kuziona fangasi kwa hadubini, lakini zikiwa chache hazionekani. Pima antijeni. Na ukishamthibitisha, usiipime tena kila wiki ili kuona kama anapona, kwa sababu antijeni hubaki miezi, hata miaka, baada ya fangasi kufa. Kumbuka pia kwamba kinga iliyoshuka hivyo haialiki ugonjwa mmoja: tafuta na kifua kikuu, ukitumia pia kipimo chake cha mkojo.

Kuhusu dawa, mambo yamebadilika sana na kila wodi inapaswa kujua. Zamani tulitegemea amfoterisini B kwa wiki mbili, dripu kila siku, au flukonazoli peke yake pale ambapo hakuna kingine. Amfoterisini, iliyotokana na bakteria wa udongo wa kando ya Mto Orinoco huko Venezuela katika miaka ya 1950, inaua fangasi vizuri lakini inaumiza figo, inamwaga potasiamu na magnesiamu, na inashusha damu. Flukonazoli peke yake inaizuia fangasi zaidi ya kuiua, na wengi waliopewa hiyo tu hawakufika wiki ya kumi.

Utafiti uitwao ACTA, uliofanyika Malawi, Zambia, Kameruni na Tanzania na kutangazwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba wiki moja ya amfoterisini ikiambatana na flusitosini, dawa nyingine ya fangasi ya kumeza, iliwaacha hai wagonjwa wengi zaidi: vifo katika wiki kumi vilikuwa asilimia 24. Vidonge vitupu vya flukonazoli na flusitosini kwa wiki mbili vilikuwa na vifo asilimia 35, ambavyo bado ni afadhali kubwa kuliko flukonazoli pekee. Kisha ukaja utafiti wa AMBITION katika Uganda, Malawi, Zimbabwe, Botswana na Afrika Kusini, uliochapishwa mwaka 2022. Huo ulitumia amfoterisini iliyofungwa ndani ya chembe za mafuta, ambayo ni laini zaidi kwa figo, kwa dozi moja tu kubwa ya miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, pamoja na wiki mbili za flusitosini na flukonazoli miligramu 1,200. Vifo vilikuwa asilimia 24.8, dhidi ya 28.7 kwa waliopewa dripu za wiki nzima, na madhara makubwa yalikuwa machache. WHO iliufanya kuwa mpango wa kwanza mwaka huohuo.

Tuseme mgonjwa ana kilo 50. Anahitaji miligramu 500 za amfoterisini hiyo, yaani vichupa kumi vya miligramu 50, ndani ya maji ya dekstrosi asilimia 5, kwa muda wa saa mbili. Usiichanganye kamwe na maji ya chumvi, hugandamana. Kabla yake apewe lita moja ya maji ya chumvi yenye potasiamu, isipokuwa kama potasiamu yake tayari iko juu, na siku zinazofuata aongezewe potasiamu na magnesiamu za kumeza. Flukonazoli ni vidonge sita vya 200 kwa mara moja. Flusitosini ndiyo yenye usumbufu: miligramu 100 kwa kilo kwa siku, ikigawanywa mara nne, kwa mtu huyu vidonge viwili na nusu vya 500 kila baada ya saa sita. Saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni, saa 6 usiku. Ile ya saa 6 usiku ndiyo inayorukwa. Muuguzi ni mmoja kwa wagonjwa arobaini, ndugu wamefukuzwa wodini saa za kutembelea zilipoisha, na mgonjwa amelala au amechanganyikiwa. Ruhusu ndugu mmoja abaki, mwonyeshe vidonge, mpe karatasi ya kuweka alama kila anapompa. Asiyeweza kumeza awekewe mpira wa puani na dawa zisagwe. Pima uzito kwa mizani, usikisie. Na kama figo zimelegea, dozi ya flusitosini ipunguzwe, kwa sababu inapojazana mwilini hukandamiza uboho na kushusha chembe za damu.

Kama amfoterisini ya mafuta haipo, tumia ya kawaida kwa siku saba pamoja na flusitosini. Kama hakuna amfoterisini kabisa, flusitosini na flukonazoli 1,200 kwa wiki mbili. Anayetumia ya kawaida apimwe kreatinini na potasiamu angalau mara mbili kwa wiki, na wingi wa damu mara moja. Flukonazoli pekee iwe ni ya kushikilia roho huku simu ya rufaa ikipigwa. Wafamasia wa mikoa, hili ni lenu: flusitosini haiagizwi siku mgonjwa anapofika. Idadi ya waliokutwa na antijeni miezi iliyopita ndiyo itakayowaambia mnahitaji makopo mangapi.

Kuna mambo mawili yanayofanywa kwa nia njema na yanaua. La kwanza ni deksamethasoni. Kwa kuwa husaidia katika homa ya uti wa mgongo ya kifua kikuu, wengi huiongeza hapa pia. Utafiti uliofanyika Asia na Afrika, Uganda na Malawi zikiwamo, ulisimamishwa mapema na kuchapishwa mwaka 2016 kwa sababu waliopewa dawa hiyo walipata madhara na ulemavu zaidi, na fangasi zao zilikufa polepole. Asetazolamidi, ya kushusha presha ya maji, nayo iliwadhuru wagonjwa ilipojaribiwa. Presha hii inashushwa kwa sindano.

La pili ni kuharakisha ARV. Kwa mgonjwa mwingine wa VVU tunasema aanze leo. Kwa huyu, hapana. Utafiti wa COAT, uliofanyika Uganda na Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2014, uliwalinganisha walioanza ARV ndani ya wiki moja au mbili na waliosubiri wiki tano. Kufikia wiki ya 26, asilimia 45 ya waliowahishwa walikuwa wamekufa, na asilimia 30 ya waliosubiri. Kinga inapoamka ghafla hukutana na fangasi ubongoni na kuzua uvimbe. Subiri wiki nne hadi sita tangu dawa za fangasi zianze. Andika tarehe hiyo kwenye faili na kwenye kadi ya kliniki kwa maandishi makubwa, kwa sababu mtu mwingine mwenye bidii atamwona kliniki na kumwanzishia kwa huruma.

Fangasi nyingine nitazipitia kwa ufupi, ingawa kila moja ina wagonjwa wake. Kwenye vyumba vya watoto njiti na wagonjwa mahututi, Candida huingia kwenye damu kupitia mipira ya mishipa mikubwa na baada ya antibayotiki nyingi. Mtoto njiti anaacha kunyonya, joto linapanda na kushuka, tumbo linavimba, na antibayotiki ya tatu haijasaidia: fikiria Candida, otesha damu kabla ya dozi inayofuata, ondoa mpira wa mshipa kama inawezekana. Damu kutoota kitu hakumaanishi haipo, kwani kuotesha damu hukosa takriban nusu ya wagonjwa. Kwa upande mwingine, Candida kwenye makohozi au kwenye mkojo wa aliyewekewa mpira mara nyingi ni mpangaji tu, si adui wa kupigwa kwa dawa kali. Candida auris, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza Japani mwaka 2009 na ambayo imeshaonekana pia Kenya, inashinda flukonazoli, inakaa kwenye reli za vitanda na vifaa vya kupimia presha, na inapita kwa mikono yetu. Inaondolewa kwa klorini, kunawa, na kumtenga mgonjwa.

Na mwenye kisukari kilichopanda anayekuja na uso unaouma upande mmoja, jicho lililovimba na kigaga cheusi puani, asiambiwe ni mafua ya ndani. Ni mukormaikosisi, ile iliyowapata maelfu ya watu India mwaka 2021 walipokuwa wakitibiwa korona kwa steroidi. Flukonazoli haiigusi. Anahitaji amfoterisini, sukari ishushwe, na daktari wa upasuaji aitwe siku hiyo hiyo.

Kwenu ndugu wa mgonjwa: njooni na kadi yake ya kliniki na dawa zote zilizo nyumbani, za hospitali na za mitishamba, bila kuficha. Kama anatumia dawa za kifua kikuu semeni, kwa sababu rifampisini inaipunguza nguvu flukonazoli. Kama mgonjwa ni mjamzito au anahisi ni mjamzito semeni pia, kwani flukonazoli ya dozi kubwa miezi ya mwanzo inaweza kumdhuru mtoto. Ulizeni bila woga: amepimwa fangasi ya ubongo? Presha ya maji ya mgongo ilikuwa ngapi? Yatatolewa tena lini? Daktari mzuri hatachukia maswali hayo. Mgonjwa akipoteza uwezo wa kuona au kusikia, semeni mara moja, hata kama ni usiku.

Kutoka hospitali si kupona. Baada ya wiki mbili za mwanzo, mgonjwa anaendelea na flukonazoli miligramu 800 hadi wiki ya kumi, kisha 200 kila siku hadi CD4 ivuke 200, jambo linaloweza kuchukua mwaka au zaidi. Wengi huacha pale wanapojisikia vizuri, na ugonjwa unarudi. Wengine kichwa kinarudi mwezi mmoja au miwili baada ya kuanza ARV kwa sababu ya kinga kuamka: hao hawaachi ARV zao, wanarudi kutolewa maji na kupimwa upya.

Kumfuatilia mgonjwa huyu akiwa nyumbani hakuhitaji daktari bingwa. Mwaka 2015 watafiti wakiongozwa na Sayoki Mfinanga wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) walichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Lusaka kwa watu 1,999 wenye CD4 chini ya 200. Nusu yao walipimwa antijeni ya kriptokokasi, kisha watu wa kawaida waliofundishwa wakawatembelea nyumbani kila wiki kwa wiki nne za mwanzo, wakiwapelekea dawa na kuwauliza hali. Vifo vilipungua kwa asilimia 28. Kila kituo kina wahudumu wa ngazi ya jamii. Mgonjwa huyu anaporuhusiwa, mkabidhi kwa mmoja wao kwa jina na namba ya simu, na mfundishe huyo mhudumu kuuliza kuhusu kichwa, macho, kutapika na idadi ya vidonge vilivyobaki kwenye kopo. Kichwa kikirudi, wamlete siku hiyo hiyo, hata kama tarehe ya kliniki haijafika.